Ataa bin Abi Rabah: Mufti wa Makka aliyejua kusikiliza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Ndugu Waislamu, tunapotajiwa wanavyuoni waliotangulia, kwa kawaida fikra zetu huenda kwenye vitabu walivyotunga, fatwa walizotoa na safari ndefu walizofunga kutafuta elimu. Ni haki yao kukumbukwa kwa hayo. Lakini wapo miongoni mwao ambao historia imewahifadhia pia sifa nyingine inayoonekana ndogo, nayo ni namna walivyokaa na watu na kuzungumza nao. Leo tutamwangalia mmoja wao, Ataa bin Abi Rabah (Allah amrehemu), aliyekuwa mufti wa Makka katika zama za Tabiina. Maneno ya mtu huyu yalikuwa yakingojewa na makhalifa, na juu ya hivyo yeye mwenyewe alikuwa akimsikiliza kijana mdogo mpaka amalize.

Mtoto wa msuka vikapu

Ataa alizaliwa Janad, katika nchi ya Yemen, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Inakadiriwa kuwa ilikuwa mwaka 27 Hijria, yaani karibu na mwaka 647 Miladia. Riwaya zinaeleza kuwa baba yake alikuwa Mnubi, na kazi yake ilikuwa kusuka vikapu. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyeitwa Baraka. Ataa alilelewa Makka, akiwa maula wa ukoo mmoja wa Kikureshi, yaani mtu wa asili ya utumwa aliyeunganishwa na ukoo ule kwa himaya, si kwa damu.

Waliomwona wamemweleza bila ya kuficha. Alikuwa mweusi, mwenye pua bapa, chongo, mkono wake mmoja umepooza, na akitembea huchechemea. Uzeeni akapofuka kabisa. Kwa vipimo ambavyo watu wa dunia humpimia mtu kabla hajafungua kinywa, Ataa hakuwa na cha kumfanya asikilizwe: hakuwa na nasaba, wala mali, wala sura ya kuwavuta watu.

Kilichomwinua ni elimu. Alikulia katika mji ambao Sahaba wa Mtume (S.A.W.) walikuwa bado wakiuingia na kutoka, naye akawaandama. Alipokea kutoka kwa Bi Aisha, Abu Huraira, Jabir bin Abdillahi, Abdullah bin Umar na, zaidi ya wote, Abdullah bin Abbas (R.A.). Imepokewa kuwa aliwadiriki Sahaba wapatao mia mbili. Mwanafunzi wake mkubwa, Ibn Jurayj, amesimulia kwamba kwa muda wa miaka 20 sakafu ya msikiti ndiyo iliyokuwa tandiko la Ataa.

Mwanamke aliyeonyeshwa

Miongoni mwa mambo aliyoyapokea Ataa kutoka kwa Ibn Abbas, kipo kisa kimoja kilichothibiti katika Sahihi mbili, ya Imam Bukhari na ya Imam Muslim. Siku moja Ibn Abbas alimuuliza kama angependa kuonyeshwa mwanamke miongoni mwa watu wa Peponi. Ataa akakubali. Ibn Abbas akamwonyesha mwanamke mweusi.

Mwanamke yule alikuwa amekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia maradhi yake. Alikuwa na kifafa, na kilipomshika huanguka na nguo zikamfunuka. Alimwomba Mtume amwombee kwa Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) hakumkatiza, wala hakuharakisha kumwamulia. Alimpa hiari: akitaka avumilie na malipo yake yawe Pepo, au akitaka amwombee apone. Mwanamke akachagua kuvumilia. Kisha akasema tena, kwamba yaliyobaki kumsumbua ni kule kufunuka, basi aombewe asifunuke. Mtume (S.A.W.) akamwombea hilo.

Hebu tuzingatie, ndugu msomaji, mazungumzo hayo mafupi. Mwanamke asiye na cheo alisema haja yake, akajibiwa. Baada ya kujibiwa alibakiwa na neno, nalo pia likasikilizwa. Na neno hilo la pili ndilo lililobeba uchungu wake wa kweli, yaani haya yake. Lau angeondoshwa baada ya jibu la kwanza, uchungu huo angerudi nao nyumbani. Kisa hiki kilipita kutoka kwa Ibn Abbas kwenda kwa Ataa, na kutoka kwa Ataa kikatufikia sisi. Si ajabu kwamba aliyekibeba alikuja kuwa mtu asiyemwondosha msemaji kabla ya neno lake la mwisho.

Fatwa za Makka zikawa mikononi mwake

Ibn Abbas alipokuwa akizongwa na wenye maswali, aliwashangaa watu wa Makka kwa kumkusanyikia yeye ilhali Ataa yuko kati yao. Riwaya kama hiyo imepokewa pia kwa Abdullah bin Umar, alipofika Makka na watu wakamjia na masuala yao. Hayo yalikuwa ni maneno ya Sahaba wakubwa juu ya mtoto wa msuka vikapu.

Baadaye, katika utawala wa Banu Umayya, ilifika hadi wakati wa Hija mpiga mbiu kutangaza kwamba asitoe fatwa kwa mahujaji ila Ataa bin Abi Rabah. Mahujaji walitoka Iraki, Shamu, Misri, Yemen na Khurasani, kila mmoja na suala lake na lahaja yake. Yeye mwenyewe, kama ilivyopokewa, alihiji zaidi ya mara 70.

Pamoja na umaarufu huo, Imam Al-Awzai wa Shamu amesimulia jambo la kushangaza. Anasema Ataa alifariki akiwa ndiye mtu aliyeridhiwa zaidi na watu, na hali darsa yake ya kawaida ilihudhuriwa na watu wasiofika kumi. Hakukimbilia wingi wa watu. Katika duara la watu wanane au tisa, kila mmoja huonekana uso wake, na kila mmoja hupata nafasi ya kusema.

Alivyosikiliza, na alivyosema

Siku moja katika kikao hicho mtu mmoja alikuwa akisimulia hadithi. Mwingine aliyekuwepo akamdakia na kuingilia masimulizi yake. Ataa alichukizwa, akaistaajabia tabia ile. Akawafahamisha waliokuwepo kwamba yeye humsikia mtu akisimulia hadithi ambayo yeye mwenyewe anaijua vizuri zaidi, lakini humwonyesha msimuliaji kana kwamba hajui chochote katika hiyo. Na imepokewa kwake pia kwamba huenda kijana akamweleza jambo, naye akamnyamazia na kumsikiliza kama mtu ambaye hajapata kulisikia, ilhali alilisikia kabla kijana huyo hajazaliwa.

Hapa ndipo penye siri ya Ataa. Sisi tumezoea kudhani kwamba mtu husikiliza ili apate habari asiyokuwa nayo, na kwa hiyo habari ikiwa anayo, basi hana haja ya kusikiliza. Ataa alifahamu kinyume cha hivyo. Alijua kuwa anayezungumza halisi habari tu, bali anajileta na yeye mwenyewe. Kijana aliyeihifadhi hadithi kwa tabu, akaja kuisema mbele ya mufti wa Makka, moyo wake unadunda. Akikatizwa na kuambiwa kwamba hilo linajulikana, huenda asifungue kinywa tena. Akisikilizwa mpaka mwisho, atarudi kesho na hadithi nyingine, na pengine na suala linalomsumbua.

Katika kusema kwake, Ataa alikuwa mtu wa kunyamaza sana. Waliokaa naye wameeleza kuwa kimya chake kilikuwa kirefu, na anapozungumza huwadhihirikia kama mtu anayepewa msaada kutoka kwa Mola wake. Alimnasihi Muhammad bin Suqa wa Kufa kwamba watu waliotangulia walikuwa wakichukia ziada ya maneno. Kwao wao, maneno yasiyokuwa ya ziada yalikuwa ni kukisoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu, kuamrisha mema na kukataza mabaya, au mtu kusema haja ya maisha yake isiyoepukika. Akamkumbusha juu ya Malaika wanaoandika, na aibu ya mtu kufunuliwa karatasi yake aliyoijaza tangu asubuhi, ikaonekana kwamba mengi yaliyomo si ya dini yake wala si ya dunia yake.

Na alipoulizwa asilolijua, alisema hajui. Safari moja waliomsikia akijibu hivyo walimtaka basi atoe rai yake. Akakataa, akieleza kwamba anamwonea haya Mwenyezi Mungu kuona rai yake inafanywa kuwa dini katika ardhi. Mtu aliyetangaziwa na mpiga mbiu kuwa yeye peke yake ndiye wa kutoa fatwa hakuona fedheha kutamka kwamba hajui.

Mazungumzo yake na Ibn Jurayj yamehifadhiwa kwa wingi katika Musannaf ya Abdulrazzaq wa Sanaa, aliyefariki mwaka 211 Hijria. Ukiyasoma utaona mwanafunzi anauliza, mwalimu anajibu. Mwanafunzi anarudi na hoja ya pili, na mwalimu hakasiriki, bali anajibu tena. Pengine jibu ni ndiyo au la, pengine ni maelezo, na pengine ni kukiri kwamba katika suala hilo hajasikia kitu. Sehemu kubwa ya fiqhi ya Makka imetufikia kupitia kwa mwalimu aliyekubali kuulizwa mara ya pili.

Kinyozi na Imam Abu Hanifa

Miongoni mwa waliomfikia Ataa alikuwemo Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu), ambaye baadaye alisema kuwa hakupata kumwona mtu mbora kuliko yeye. Imepokewa kwa Abu Hanifa kisa kimoja kilichomtokea katika Hija. Alimwendea kinyozi ili anyoe, akaanza kwa kuuliza bei. Kinyozi akamwambia kwamba ibada haiwekewi masharti ya bei, basi akae. Akakaa bila ya kuelekea Kibla, kinyozi akamwelekeza. Akatoa upande wa kushoto wa kichwa, akaambiwa aanze na wa kulia. Akanyamaza, akaambiwa alete takbira. Alipokwisha akataka kuondoka, akaambiwa aswali kwanza rakaa mbili. Abu Hanifa akamuuliza ameyatoa wapi hayo yote. Kinyozi akajibu kwamba amemwona Ataa bin Abi Rabah akifanya hivyo.

Kisa hiki kina masikio mawili ya kuigwa. Kuna kinyozi aliyejifunza kwa kumwangalia mwanachuoni, na kuna mwanachuoni aliyemsikiliza kinyozi mara tano pasina kumkumbusha cheo chake. Tunakijua kisa chenyewe kwa sababu Abu Hanifa hakuona haya kukisimulia.

Mbele ya wafalme

Asije mtu akadhani kwamba usikivu wa Ataa ulikuwa ni kujipendekeza kwa watu. Khalifa Sulaiman bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 96 hadi 99 Hijria, alimwendea Makka pamoja na wanawe wawili kumuuliza juu ya ibada ya Hija. Walimkuta akiswali, wakakaa kumngojea. Alipomaliza aliwajibu walilouliza, lakini bila ya kuwapa ukunjufu zaidi ya haja yao. Walipoondoka, Khalifa aliwausia wanawe wasifanye uvivu katika kutafuta elimu, kwani hatasahau jinsi walivyonyenyekea mbele ya mtu yule mweusi. Kijana mwenye hadithi moja alipewa sikio lote, na mtawala wa dola alingoja zamu yake.

Kisa cha pili kilitokea katika zama za Hisham bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 105 hadi 125 Hijria. Kimesimuliwa na Uthman, mtoto wa Ataa wa Khurasani, ambaye ni mwanachuoni mwingine mwenye jina hilo hilo. Uthman alikuwa njiani na baba yake kwenda kwa Khalifa, wakakutana na mzee juu ya punda mweusi, amevaa kanzu ya kitambaa kizito, juba lililochakaa na kofia iliyogandamana na kichwa. Uthman akacheka. Baba yake akamnyamazisha, akamwambia kuwa huyo ndiye bwana wa mafakihi wa Hijazi.

Walipofika kwenye kasri, mzee yule aliruhusiwa mara moja. Hisham alimkaribisha mpaka magoti yao yakagusana. Wakubwa waliokuwepo, waliokuwa wakizungumza, wakanyamaza. Khalifa akamuuliza haja yake. Ataa akaanza na watu wa Makka na Madina, wapewe riziki na posho zao. Hisham akaamuru iandikwe, akauliza kama kuna jingine. Akawataja watu wa Hijazi na Najdi, warudishiwe ziada ya sadaka zao. Ikaandikwa. Akawataja walinzi wa mipakani, wapewe haki zao, kwani wao ndio kinga ya waliobaki. Ikaandikwa. Akawataja raia wasiokuwa Waislamu walio katika dhima, wasitwishwe wasichokiweza. Hilo nalo likaandikwa.

Khalifa akauliza tena kama imebaki haja. Ataa akamwambia amche Mwenyezi Mungu juu ya nafsi yake, kwani ameumbwa peke yake, atakufa peke yake, atafufuliwa peke yake na atahesabiwa peke yake, na hao anaowaona pembeni mwake hatakuwa naye hata mmoja. Hisham akainama analia. Ataa akanyanyuka akatoka. Mlangoni mtu alimfuata na mfuko aliotumwa kumpa, akaukataa kwa kuwa hakutaka ujira kwa aliyoyasema. Uthman anamalizia kwa kutaja kwamba hakunywa hata maji katika nyumba ile.

Mtu asingeweza kuyapanga mambo ya makundi manne tofauti ya watu kwa maneno machache hivyo kama hakuwa amewasikiliza. Miaka yote ile ya mahujaji na wakazi waliomjia na shida zao, ndiyo iliyozungumza siku ile. Na hakuna hata haja moja iliyokuwa yake.

Ataa bin Abi Rabah alifariki Makka mwaka 114 Hijria, sawa na mwaka 732 Miladia, na wako wanaosema ni mwaka 115. Katika uzee wake, mwili ukiwa dhaifu na macho yamekwisha, Ibn Jurayj anasema alikuwa akisimama katika Swala akisoma kiasi cha aya 200 za Suratul Baqara bila ya kutikisika.

Majumbani mwetu

Ndugu Waislamu, methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu tumeihifadhi sote, na ni ya kweli. Lakini la mdogo nani analisikia? Mtoto anarudi chuoni na furaha, anaanza kusimulia namna Nabii Yunus (A.S.) alivyomezwa na samaki. Kabla hajafika tumboni mwa samaki, baba amekwisha kummalizia kisa, au amemsahihisha jina, au macho yake yako kwenye simu. Baba hakukosa habari yoyote, kwani kisa anakijua. Mtoto ndiye aliyekosa. Na mtoto aliyekosa sikio kwa kisa cha Nabii Yunus hatamletea baba yake habari ya mtu anayemsumbua njiani, wala ya marafiki wanaomshawishi mabaya. Atatafuta sikio pengine, na wazazi watakuwa wa mwisho kujua.

Ni hivyo hivyo kwa mke anayeeleza mambo ya siku nzima, mume akamkata kwa suluhisho asiloombwa. Huenda neno lake la pili ndilo lenye uchungu, kama lilivyokuwa la mwanamke yule wa Makka. Na ni hivyo kwa bibi na babu wanaorudia kisa kimoja kila Sikukuu. Wajukuu hucheka kwamba wamekisikia mara kumi. Ataa angekisikiliza mara ya kumi na moja.

Wala haina maana kwamba kila kinachosemwa kisikilizwe. Kusengenya na kufitinisha sikio la Muislamu haliwi chombo chake, na Ataa alimkumbusha Ibn Suqa kuwa kuna wanaoandika. Linalotakiwa ni kwamba mwenye neno la halali apewe nafasi ya kulimaliza, awe mdogo au mkubwa, awe anasema jipya au la zamani. Kuwe na wakati nyumbani, hata kama ni baada ya Swala ya Isha au wakati wa chakula, ambapo mmoja anazungumza na waliobaki wananyamaza mpaka afike mwisho. Anayejua zaidi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kunyamaza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Ataa bin Abi Rabah, atujaalie ndimi za kusema kheri, na atupe masikio yenye subira kwa watoto wetu, wazee wetu na majirani zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.